Fizi za Theopista

Ukitaka kupika pombe Majengo, pale Mpanda mjini, miaka ile, ulianza kwa kumtafuta Theopista. Wapika pombe walikuwa wengi, lakini kimea kizuri cha mtama kilitoka kwake. Aliloweka mtama, akaufunika mpaka ukachipua, akauanika kwenye mikeka nyuma ya nyumba, na kabla ya kuuza alichukua punje chache akazipima kwa meno ya mbele. Kimea kilichokauka hulia mdomoni. Kikiwa bado kina maji ndani hunyamaza, na ukikitia kwenye gunia kinaota ukungu na kumwaibisha mwenye pombe mbele ya wanywaji wake. Masika ndiyo mtihani wenyewe, maana jua linatoka kidogo tu, watu wana haraka, na mtama kwa nje unaonekana mkavu.

Masika ya mwaka 1976 ndipo meno ya Theopista yalipomgeuka. Asubuhi moja aliuma punje, na badala ya punje kuvunjika, jino ndilo lililosogea. Alilishika kwa ulimi, likaenda mbele na kurudi kama kigingi kilichopigwa kwenye matope. Alipotema mate yalikuwa mekundu.

Hakumwambia mtu. Kuanzia siku ile akawa anapima kimea kwa kukisugua viganjani, akisikiliza. Viganja havijui kazi hiyo. Haukupita muda mrefu, jirani yake Katarina, mpika pombe mwenye sauti ya kusikika mpaka stesheni ya reli, akaja na beseni kichwani na kulitua mlangoni kwa kishindo.

"Theopista! Toka nje uone ulichoniuzia! Hiki ni kimea au ni manyoya ya paka?"

Theopista alitazama. Ukungu ulikuwa umeota mweupe, kweli kama manyoya.

"Nitakupa kingine."

"Kingine umekipima?"

Theopista akafunika mdomo kwa ncha ya kanga, jinsi alivyokuwa amezoea kufanya kila mtu alipomkaribia. Katarina akaona. Alikuwa na mdomo mchafu, lakini macho yake hayakupitwa na kitu.

"Meno, siyo?" alisema, sauti ikishuka. "Mbona husemi, mama wewe? Nenda kwa Celestin pale zahanati akalitoe hilo linalokusumbua. Bila meno wewe utauza nini?"

Neno hilo Theopista alilala nalo. Alikuwa ameshapoteza nyumba kwa sababu ya kinywa. Sasa kinywa hicho hicho kinataka kumnyang'anya na kazi.

Nyumba aliyoipoteza ilikuwa Usevya, kwa mumewe Leodgar. Walifunga ndoa kanisani, na watoto wao wawili wa kike walikuwa wameshaolewa na wao. Fizi zilianza kumtoka damu akiwa na mimba ya kwanza. Kila akipiga mswaki, kijiti kilitoka na damu. Mama mkwe wake alipoona akamkataza. "Acha kuchokonoa," alimwambia. "Mahali panapotoka damu hapaguswi. Kidonda nacho unakisugua?" Kwa kweli wanawake wote wa pale walifanya hivyo, ukiona damu unaweka kijiti chini, unasukutua maji, basi. Theopista akaweka kijiti chini na hakukishika tena. Maumivu yalipozidi akafundishwa kubana kipande cha tumbaku kati ya mdomo na fizi. Maumivu yakatulia, na yeye akaona amepata dawa.

Miaka ikapita hivyo. Kisha Leodgar akamtaka Romana, binti wa kijiji cha pili, na kwa kuwa ndoa ya kanisani haivunjwi hovyo, akatafuta sababu. Akaita kikao cha ukoo akasema mke wake ananuka kinywa, hawezi kulala naye chumba kimoja. Wazee wakataka ushahidi. Shangazi yake Leodgar akaambiwa asogee anuse. Theopista, mwanamke mzima mwenye wakwe zake, akaambiwa afungue kinywa mbele ya watu kama ng'ombe anayekaguliwa mnadani. Shangazi akavuta pumzi, akageuza uso, akatema mate. Kesi ikaishia hapo.

Leodgar alikaa palepale, mdomo wa chini umevimba kwa tumbaku, meno yake meusi kama masizi. Aliposema, nzi aliyekuwa karibu alihama. Hakuna aliyemwambia mwanamume afungue kinywa.

Theopista alipanda lori la mpunga mpaka Mpanda, na pete yake kidoleni kwa sababu hakuna aliyekuwa na haki ya kumvua. Alianza na kilo chache za mtama, akajenga jina kwa kazi ya mikono yake. Lakini shangazi yule alikuja naye Mpanda kichwani. Kila alipotaka kucheka alimwona akigeuza uso. Moyoni aliamini kwamba amezaliwa na kinywa kibovu, na kwamba jambo hilo halina dawa, lina kuficha tu.

Zahanati ilikuwa na benchi moja nje, na waliokaa juu yake walikuwa kimya kwa sababu ndani mtu alikuwa analia. Celestin alikuwa mtu mnene wa Kasulu aliyependa kuimba puani wakati wa kung'oa meno ya watu. Zamu ya Theopista ilipofika, aliketi kwenye kiti na kushika pande zote mbili.

"Ling'oe," alisema kabla hajaulizwa. "Hili linalocheza. Na mengine ukiona yanafaa toa yote, nitakunywa uji."

"Taratibu, mama. Yamekukosea nini?"

"Yamenifukuzisha kwa mume."

Celestin akaacha kuimba. Akamwelekeza kichwa dirishani, akaingiza kioo kidogo chenye mpini, akatazama kwa muda. Theopista alikaza macho kwenye uso wake, akingoja augeuze. Hakuugeuza.

"Unapiga mswaki?"

"Niliacha."

"Tangu lini?"

"Tangu mimba ya kwanza. Fizi zilikuwa zinatoka damu."

"Kwa hiyo ulipoona damu ndiyo ukaacha."

"Sasa wewe kidonda unakisugua?"

"Kidonda chenye mchanga ndani unakifanyaje? Unakifunga na mchanga wake?"

Theopista alitikisa kichwa.

"Unakiosha, hata kama kinauma," Celestin alisema. "Sikiliza, mama. Ukila, kuna mabaki yanakaa pale jino linapoingia kwenye fizi. Yanafanya utando laini unaonata, na vijidudu vinajaa humo. Fizi haiupendi huo utando. Inavimba, inakuwa nyekundu, ukiigusa tu inatoka damu. Damu ndiyo fizi inavyopiga kelele kwamba uchafu upo. Wewe ukasikia kelele, ukaacha kufagia."

"Na mimba?"

"Mimba inazifanya fizi ziwe nyepesi kukasirika, zinavimba zaidi. Lakini kama ungeendelea kusugua polepole, baada ya kujifungua zingetulia. Utando ukiachwa unakauka, unageuka ukoga mgumu, hapo hata mswaki hauwezi. Vijidudu vinashuka chini ya fizi, vinakula ule mfupa unaoshika jino. Kinywa kinanuka kwa sababu hiyo, na mwisho jino linaanza kucheza. Huumwi sana, ndiyo ubaya wake. Unakuja kwangu nyumba imeshabomoka nusu."

Theopista alifikiria mitungi ya Katarina. Mtungi wa pombe usiposuguliwa ndani unashika ukoko, ukoko unashika ukungu, na kila pombe utakayoitia humo inachacha vibaya hata kama kimea ni kizuri namna gani. Jambo lile alilijua tangu yuko msichana. Hakuwahi kufikiri kwamba mdomo wake nao ni chombo.

"Basi ni uchafu tu," alisema. "Siyo kwamba nimezaliwa hivi."

"Hakuna anayezaliwa na meno, mama, achilia mbali ukoga."

Alicheka, akasahau kufunika mdomo. Kisha ghafla uso ukamkunjamana. "Lakini mume wangu alisema kweli. Nilikuwa nanuka."

"Ulikuwa unaumwa. Mtu akiumwa anapelekwa hospitali."

Hasira ya Theopista ya miaka mingi ikahama kidogo mahali ilipokuwa imekaa. Zamani alimkasirikia Leodgar kwa kumwaibisha mbele ya watu. Sasa alimkasirikia kwa sababu alisema kweli na hakufanya kitu.

Celestin akachukua chuma chembamba chenye ncha iliyopinda, akaanza kukwangua. Iliuma, na sauti yake ilikuwa kama mtu anayeparua sufuria iliyoungua. Vipande vya rangi ya kahawia vikaangukia kwenye kibakuli. Alipofika upande wa tumbaku akaichomoa kwa kibano na kuishika juu kama mtu aliyekamata panya.

"Na hii?"

"Inatuliza maumivu."

"Inakufumba macho. Unadhani umepona, kumbe fizi inazidi kukimbia. Tazama mwenyewe." Akampa kioo. Pale alipokuwa akibana tumbaku, fizi ilikuwa imerudi nyuma, mizizi ya meno iko nje, mirefu na ya njano. "Hii fizi haitaota tena. Tunachoweza ni kuizuia isiendelee kukimbia."

Jino lililocheza sana alilitoa, akiimba puani. Kisha akagusa mawili ya jirani yake kwa kidole.

"Haya nayo yamelegea. Ningekuwa na haraka ningeyatoa leo. Lakini nakupa muda mpaka mahindi mabichi yatoke. Sugua asubuhi na jioni baada ya kula, pale jino linapokutana na fizi, nje na ndani, mpaka nyuma kabisa. Pitisha na ujiti mwembamba katikati ya meno. Sukutua maji ya chumvi. Na tumbaku basi. Damu itatoka siku za mwanzo, usiogope. Ukirudi kwangu fizi ziko hivihivi, nayang'oa yote mawili na sitakuomba ruhusa."

Meno mawili yale ndiyo yaliyobaki ya kupimia kimea. Theopista alirudi nyumbani akiwaza hayo tu.

Kijiti hakikuwa tatizo, alikata cha mti laini, akakitafuna ncha mpaka ikawa nyuzinyuzi kama brashi. Tatizo lilikuwa damu. Asubuhi ya kwanza ilitoka mpaka ikamchuruzika kidevuni, na Katarina akamkuta akiwa ameinama juu ya kopo.

"Yesu wangu! Unajichinja?"

"Nasafisha."

"Unasafisha au unachimba? Weka chini hicho kijiti! Damu yote hiyo utaitoa wapi tena, na umri wako huu?"

Theopista karibu amsikilize. Sauti ya mama mkwe na sauti ya Katarina zilikuwa kama za mtu mmoja. Alikitazama kijiti chekundu, akamkumbuka Celestin na mchanga wake kwenye kidonda, akainama tena juu ya kopo na kusugua upande wa pili. Katarina akaondoka akijipiga msalaba.

Tumbaku ilikuwa ngumu zaidi kuliko damu. Aligombana na wauza mtama, aligombana na kuku, alimfukuza mteja mmoja kwa kosa la kupiga miluzi. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye pindo la kanga alikozoea kufunga tumbaku yake, ukikuta pindo tupu anakasirika upya. Lakini taratibu mate yakaanza kutoka meupe. Siku moja aliamka akahisi kinywa chake hakina ladha yoyote. Alikaa kitandani akishangaa, maana miaka yote alidhani ile ladha ya chuma ndiyo ladha ya asubuhi ya kila mtu.

Kimea katika siku hizo alikuwa akimpa Katarina aume kwa niaba yake. Katarina alipenda kazi ile kupita kiasi, akatangaza mtaa mzima kwamba yeye sasa ni mkaguzi.

Mvua zikiwa bado zinanyesha, Romana akaja.

Theopista alikuwa anageuza mtama kwenye mkeka. Akaona mwanamke mjamzito amesimama uani, kanga ameivuta mpaka puani. Walikuwa hawajaonana tangu siku za kikao kile, lakini alimjua kwa mabega.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Hakumkaribisha kigoda. Baadaye akaona tumbo lilivyoshuka, akamsogezea. "Umefuata nini?"

"Nimekuja kliniki. Nikasema nipite." Romana aliketi, akaanza kulia bila kutanguliza neno. "Dada, nakuomba uniachie. Kama nimekukosea nimekukosea. Niondolee hiki ulichonitupia."

"Nimekutupia nini?"

Romana akashusha kanga. Fizi zake zilikuwa zimevimba, nyekundu, zinang'aa, na damu imesimama katikati ya meno. "Leodgar anasema ni wewe. Anasema ulikiacha kinywa chako kwenye ile nyumba, mimi nimekirithi. Sasa analala nje kwenye kibanda cha mpunga."

Theopista alisimama na mtama mkononi. Hapo shetani alimpitia kweli, tusifiche. Ingetosha kunyamaza. Angesema tu, "Nenda, nitafikiri," na Usevya nzima ingemwogopa, Leodgar angekosa usingizi mpaka afe, na yule shangazi angepita mbali na njia yake. Ingekuwa tamu. Alimtazama Romana, akaona ni mtoto tu, umri wa binti zake, na mwenye kosa kubwa hayupo pale uani.

"Romana, ningekuwa najua kuroga, ningeanza na Leodgar. Wewe ungekuwa mbali sana kwenye foleni."

Romana alicheka na kulia kwa pamoja.

"Umeacha kupiga mswaki?"

"Mama amenikataza. Kwa sababu ya damu."

"Mama mkwe."

"Ndiyo."

"Bado yupo, huyo." Theopista akakata kijiti, akakitafuna ncha mwenyewe, kisha akakumbuka vijidudu alivyoambiwa na Celestin, akakitupa na kukata kingine akampa kikiwa kizima. "Tafuna. Sasa weka hapa, chini kabisa, jino linapoingia. Polepole. Itatoka damu, iache itoke, tema. Kila asubuhi na kila jioni, hata mama akipiga kelele. Mimba ndiyo inazidisha uvimbe, siyo mimi. Na kabla hujarudi pita kwa Celestin zahanati, mwambie umetumwa na mama wa kimea akutazame."

Romana alisugua, akatema, akasugua tena.

"Nisikie vizuri," Theopista alisema. "Sikufundishi kwa sababu nakupenda. Sikupendi. Nakufundisha kwa sababu sitaki mtu mwingine aambiwe afungue kinywa mbele ya wazee wale."

"Nimesikia, dada."

"Na yeye je, meno yake yakoje siku hizi?"

Romana akatazama chini. "Yameanguka mengine. Hanusi harufu yake mwenyewe."

"Hajawahi," alisema Theopista, akarudi kwenye mtama wake.

Mahindi mabichi yalipoanza kuonekana sokoni alirudi zahanati. Celestin alimwelekeza kichwa dirishani kama mwanzo, akaingiza kioo, akabonyeza fizi kwa kidole, akashika yale meno mawili na kuyasukuma, moja baada ya jingine. Hakuwa anaimba. Theopista alifumba macho.

"Funga mdomo," alisema Celestin.

"Unachukua koleo?"

"Koleo la nini? Fizi zimekaza, rangi imerudi, damu haitoki. Haya mawili yanacheza kidogo, lakini yameshika. Ukiendelea hivi utazikwa nayo. Ukiacha, tutaonana mapema."

"Siachi."

"Wote husema hivyo."

"Mimi siyo wote," alisema Theopista, na Celestin akakubali kwamba ni kweli. Alimkwangua tena mahali palipobaki, akamtaka awe anakuja mara mojamoja, hata kama haumwi.

Katarina alipopewa habari alisikitika kidogo kupoteza ukaguzi wake. Ila jioni ile ile alimkuta Theopista amemtengea kijiti dirishani, na baada ya kuapa kwamba fizi zake hazina tatizo lolote, akakichukua.

Haukupita muda, Osward akaja kutoka Usevya. Huyu ni mdogo wake Leodgar, mtu mpole aliyetumwa kila mara kusema maneno ambayo wenyewe waliyaogopa. Alimkuta Theopista ameketi jikoni anachoma mahindi.

"Shemeji, umependeza."

"Sema ulichotumwa, Osward. Kaa."

Osward akakaa. "Romana amejifungua salama, mtoto wa kiume. Fizi zake zimepoa. Mama amekasirika kwa ajili ya ule mswaki lakini amenyamaza. Sasa kaka amesikia kwamba na wewe umepona. Anasema, kwa kuwa ile sababu imekwisha, na ndoa ni ya kanisani, unaweza kurudi nyumbani. Atakujengea chumba chako."

Theopista aligeuza hindi kwenye makaa.

"Ametuma wazee wa kikao?"

"Hapana. Mimi tu."

"Yule shangazi bado yuko hai?"

"Yuko."

"Mwambie Leodgar nimepona kwa ajili yangu. Chumba ninacho. Kama meno yanamsumbua, Mpanda kuna zahanati, ina benchi moja nje, apange foleni kama watu wengine."

"Nikamwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Usinipunguzie."

Osward alianza kueleza kwamba kaka yake siku hizi amebadilika, kwamba amezeeka, kwamba hata tumbaku amesema ataipunguza. Theopista alimpa hindi moja la moto, akachukua la kwake, akaliuma kwa meno ya mbele, upande wa pengo na upande usio na pengo. Punje zilikuwa tamu, zina maziwa bado. Osward alikuwa bado anaeleza. Yeye aligeuza hindi akaendelea na safu nyingine, kanga ikiwa imemlalia mabegani.